Majina Mawili, Barabara Moja

Mwanasiasa Tom Mboya alipigwa risasi Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, akitoka katika duka la dawa la Chhani. Duka hilo lilikuwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Barabara ya jirani, iliyokuwa Victoria Street, ndiyo iliyopewa jina lake. Basi muulize kijana anayepita katikati ya Nairobi Mboya aliuawa wapi, na usishangae akikuelekeza Tom Mboya Street. Sanamu ya marehemu, iliyozinduliwa mwaka 2011, iko Moi Avenue, karibu na pale alipoanguka.

Kijana huyo si mvivu wa historia. Kichwani mwake majina yanagombania nafasi moja, na lile linalotajwa na makanga kutwa nzima ndilo linaloshinda.

Wanasaikolojia wameligundua hili kitambo. Mwaka 1900, Wajerumani Georg Müller na Alfons Pilzecker waliandika kwamba jambo jipya, likiingia upesi, hulidhoofisha lililotangulia. Mwaka 1924, Wamarekani John Jenkins na Karl Dallenbach waliwakaririsha wanafunzi wawili silabi zisizo na maana. Wanafunzi walipolala baada ya hapo, walikumbuka nyingi kuliko walipokaa macho kwa muda ule ule. Kwa watafiti hao, muda peke yake haukutosha kueleza usahaulifu. Mambo mapya ya mchana ndiyo yaliyoyafunika ya awali.

La zamani nalo hulizuia jipya. Kwenye Ngong Road bado utamsikia abiria akiomba ashushwe Nakumatt, ingawa maduka hayo hayapo tena. Kule Kileleshwa mwaka 2021, Dik Dik Road ilipopewa jina la Francis Atwoli, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COTU, kibao kilikatwa, kikarudishwa, kisha kikachomwa moto. Hapo palikuwa na siasa, bila shaka, lakini pia watu walikuwa wanatetea jina walilolizoea.

Kubadilisha majina si kosa. Kuigeuza Delamere Avenue kuwa Kenyatta Avenue kulikuwa haki ya taifa huru. Kosa ni kuling'oa jina la kale bila kuacha alama yoyote, kisha kuwalaumu vijana kwa kutojua. Serikali ya Kaunti ya Nairobi na iandike jina la awali chini ya jipya kwenye kila kibao, pamoja na mwaka lilipobadilishwa. Ianze na Moi Avenue.