Mambo Yaongozayo Mavuno ya Mpunga wa Mbegu
Hotuba ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu, Ifakara



Leo Chama chetu Kikuu kimetimiza miaka kumi, nasi wa ofisi ya Katibu tumepewa heshima ya kusema machache. Hesabu za fedha mmekwisha kuzisikia kwa Mweka Hazina. Sisi twapenda kusema juu ya jambo lililo chini ya hesabu zote, nalo ni mbegu. Kwa maana gunia lisilojaa shambani halijazwi na kalamu ya karani.

Wenzetu wa Njombe na Mbeya, walimao viazi mviringo katika baridi ya milimani, wajua kwamba kiazi cha mbegu chenye ugonjwa huzaa ugonjwa. Bonde letu lina joto, wala viazi hivyo si zao letu. Lakini mpunga nao una hukumu yake. Kwa kuwa hujichavusha wenyewe, mbegu yake hudumu na tabia ya mzazi wake miaka kadhaa. Kinachoiharibu zaidi ni kuchanganywa na kutotunzwa.

Jambo la kwanza ni aina. Supa yapendwa kwa harufu na ladha, lakini ni ndefu, huanguka upesi, na kwa matunzo ya kawaida hutoa kama tani 2 kwa hekta. SARO 5, iitwayo na wataalamu TXD 306, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2002. Ni fupi, hukomaa kwa siku 120 hivi, na ikipata maji na mbolea huweza kupita tani 5. Hatusemi mtu aache hii ashike ile. Kila moja ina soko lake. Twasema zisikae jaruba moja. Zikichanganyika, moja hukomaa nyingine ikiwa mbichi, mchele hukatika mashineni, na mnunuzi wa Dar es Salaam hushusha bei ya mzigo mzima. Basi shamba la mbegu liwe mbali na mpunga wa aina nyingine kwa mita 3 au zaidi, na kila shina geni ling'olewe kabla ya kuvuna.

Jambo la pili ni uzito na uhai wa punje. Tia chumvi katika ndoo ya maji mpaka yai bichi lielee, kisha mimina mbegu. Zinazoelea ni mapepe na punje dhaifu, ziondoe. Zilizozama zisafishe kwa maji matamu mara moja, maana chumvi ikibaki huua kiini. Kisha hesabu punje 100, uziweke katika kitambaa chenye unyevu. Zikiota chini ya 80, mpunga huo na uende jikoni, si kitaluni.

Jambo la tatu ni upandaji. Anayemwaga mbegu kwa mkono huokoa siku chache, lakini hawezi kupita kati ya mimea kutafuta mashina mageni. Miche ipandikizwe ingali michanga, mmoja au miwili kwa shimo, kwa mistari ya sentimita 20 au 25. Mche uliozeeka kitaluni hutoa machipukizi machache.

Jambo la nne ni maji. Mito ishukayo Udzungwa, pamoja na Lumemo wetu, hutulisha na hutuadhibu pia. Mafuriko ya masika huzamisha miche. Ukame wakati wa kuchanua hujaza shamba mapepe. Kwa hiyo shamba la mbegu lichaguliwe mahali ambapo maji huingia na kutoka, na majaruba yasawazishwe vema.

Jambo la tano ni kimyanga. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwanza nchini Kenya mwaka 1966. Majani huwa manjano yenye mabaka, mmea hudumaa, na masuke hutoka matupu. Sikilizeni vema hapa: kimyanga hakisafiri ndani ya mbegu, basi ndoo ya chumvi haikizuii. Huenezwa na wadudu wa jamii ya mbawakavu, na kwa mikono na zana zilizogusa mmea mgonjwa; tena hujificha katika machipukizi ya mabua ya mwaka jana na katika mpunga pori. Dawa yetu ni usafi: ng'oa mimea migonjwa na kuifukia, safisha kingo za majaruba, na lima mabua mara baada ya mavuno. Asiyefanya hivyo humwumiza jirani yake pia.

Jambo la sita ni kuvuna na kuweka. Vuna punje 80 katika 100 zikiwa zimegeuka rangi. Pura juu ya turubai, kila aina peke yake. Anika mpaka unyevu usizidi sehemu 13 katika 100. Punje kavu ukiitafuna hukatika kwa mlio. Magunia yasilale sakafuni.

Ndugu wanachama, yote haya mwaweza kuyasikia kutoka kwa wataalamu wa kituo cha utafiti cha hapa Ifakara, TARI, kilichoitwa zamani KATRIN. Lakini kuna jambo la saba, na hilo ni letu wenyewe. Desemba na Januari maghala ya nyumbani hupungua. Watoto wataka chakula na sare za shule, na mama hulifungua gunia la mbegu. Hakuna wa kumlaumu. Ila siku mvua inapokolea, nyumba hiyo hununua sokoni mbegu isiyojulikana asili yake, mara nyingi kwa mkopo, na mkopo huo hulipwa kwa mpunga uliouzwa ungali shambani. Hivyo mavuno hupotea kabla ya kupandwa.

Kwa sababu hiyo Halmashauri yaleta mbele yenu shauri la ghala la mbegu: akopaye debe moja arudishe debe moja na robo baada ya mavuno. Wako wanaouliza, shamba likizama je? Twajibu: kamati ilikague, na deni lisogezwe msimu ujao. Wako wanaoogopa kwamba mbegu itaishia kwa wakubwa. Hofu hiyo ni ya haki. Twapendekeza kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, wawili kati yao wakiwa wanawake, kwa kuwa wao ndio wainamao wakipandikiza na washindao juani wakiamia ndege.

Wazee walisema akiba haiozi. Mpunga mbichi gunini huoza. Lakini mbegu iliyokaushwa na kulindwa na wengi hungoja mvua salama. Shauri ni lenu, nanyi ndio wenye kura. Twakitakia Chama chetu miaka mingine kumi yenye maghala yaliyojaa.