Ijumaa Moja Katika Mji wa Kairo

 

Alikuwako kijana mmoja wa Buyenzi, mjini Bujumbura, aliyepelekwa Misri kusoma Al-Azhar, chuo ambacho msikiti wake ulifunguliwa mwaka 972. Nauli yake ilichangwa na wazee na akina mama, kidogo kidogo, kila baada ya Sala ya Ijumaa. Alipofika akapimwa Kiarabu, akatiwa katika darasa la matayarisho pamoja na watoto aliowazidi umri. Kurani alikuwa ameihifadhi, lakini maneno ya sokoni yalimshinda. Aliomba "khubz" dukani, mwenye duka akacheka, kwani watu wa Misri mkate huuita "aish", yaani maisha. Na asili yake ni moja na neno letu "kuishi".

Mwezi wa nne ikamfikia barua ya kuwa baba yake amefariki na amekwisha kuzikwa. Akaazimia kurudi kwa mama yake. Hakumwambia mtu ila mwenzake mmoja, Mganda, aliyemtangulia kwa miaka mitatu. Mganda hakumbishia. Alisema tu, "Ndugu yangu, usiondoke Misri hali hujaiona. Ijumaa tutatoka."

Asubuhi wakapanda basi hadi Giza. Piramidi ya Khufu ina umri wa zaidi ya miaka 4,500. Mawe yake hukadiriwa kuwa 2,300,000, na kimo chake hapo mwanzo kilikuwa kiasi cha mita 146. Kijana aliitazama kitambo, akauliza, "Haya yote kwa maiti mmoja?" Wenye ngamia hawakuwapa raha, na katika jambo hilo wageni wote ni sawa, tajiri na mwanafunzi. Wakaondoka mapema.

Sala ya Ijumaa waliisali katika msikiti wa Amr bin al-As, wa kwanza kujengwa barani Afrika, baada ya Waislamu kuifungua Misri. Majengo yake yamebadilishwa mara nyingi. Wakapita pia kwa Ibn Tulun kutazama mnara ambao ngazi zake huuzunguka kwa nje.

Kisha Mganda akampeleka kwa Imamu Shafii. Hakika ni nani miongoni mwetu asiyelijua jina hili? Sala zetu, ndoa zetu na mirathi yetu, sisi watu wa Afrika Mashariki, tumezifuata kwa madhehebu yake, na jina lake mtoto hulisikia chuoni kabla ya kujua Misri iko wapi. Kuba lake lilijengwa mwaka 1211, na juu yake imewekwa mashua ndogo ya madini. Watu husema ilikuwa ikitiwa nafaka kwa ajili ya ndege. Ndani, sauti huwa ndogo hata kwa wasioombwa kunyamaza.

Walipokwisha kusoma Fatiha, Mganda alimweleza habari ambazo kijana alizisoma zamani bila kuzitia moyoni: ya kwamba Imamu huyo alifiwa na baba yake angali mchanga, mama yake akamchukua kutoka Gaza hadi Makka, maskini, naye akiandika masomo yake juu ya mifupa kwa kukosa karatasi. Kijana hakujibu. Alirudi akasimama mbele ya kaburi peke yake, akamwombea baba yake, akalia kilio ambacho tangu barua ile kilikuwa kimekataa kutoka.

Magharibi iliwakuta ukingoni mwa Nili. Mganda akasema kwa majivuno, "Maji haya yamepita kwetu Jinja." Kijana akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Na kabla ya Jinja, yametoka kwetu." Akamweleza chemchemi ya Rutovu, kusini mwa Burundi, ambayo maji yake huingia Ruvubu, kisha Kagera, kisha Ziwa Viktoria, na juu ya kilima chake ipo piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1938.

"Wewe umeiona?" Mganda akauliza.

"Sijafika."

Usiku ule alimwandikia mama yake. Alimtaka radhi kwa mazishi asiyoyahudhuria, akamweleza habari za mashua iliyo juu ya kuba, na mwisho akauliza kama yupo jamaa mwenye kwenda upande wa Rutovu, amletee picha. Habari za kurudi hakuzitaja.