Kompyuta ya Michezo: Kununua Nzima au Kuunda Mwenyewe?

Kijana mmoja wa Iyula ameuliza: fedha za kahawa zikipatikana, anunue kompyuta ya michezo iliyokwisha kuundwa, au anunue vipuri aiunde mwenyewe?

Kwanza, twaa karatasi. Andika bei ya kila kipuri: prosesa, bodi mama, ramu, diski, kadi ya picha, pawasaplai na kasha. Ongeza gharama ya kuvisafirisha kutoka Kariakoo, Dar es Salaam. Kisha linganisha na bei ya kompyuta nzima.

Aundaye mwenyewe hujua kilichomo. Lakini akikosea, hasara ni yake. Anunuaye nzima ana muuzaji mmoja wa kumrudia. Lakini aombe kasha lifunguliwe kabla ya kulipa. Taa za rangi zisimdanganye. Aitazame pawasaplai, maana ikiwa hafifu yaweza kuharibu vipuri vingine.

Iko njia ya tatu: kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika, kisha kuongeza kadi ndogo ya picha. Chagua kadi isiyohitaji waya wake wa umeme, maana tundu la kadi halitoi zaidi ya wati 75. Tena jihadhari: nyingi za kompyuta hizo zina pawasaplai ya umbo la pekee, usiyoweza kuibadili kwa ya kawaida.

Basi, mwenye fedha chache asiulize tu, “Ipi rahisi leo?” Aulize pia, “Ipi nitaweza kuiongezea nguvu mwakani?”

Kwaherini, mpaka somo lijalo.