Mashine Ikikataa, Pimeni Kabla ya Kulaumiana

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo nimeombwa niseme machache juu ya mashine za kuchonga mbao zinazoongozwa na kompyuta, zile ambazo vijana wetu huziita CNC. Siyo uvumbuzi wa juzi. Mashine iliyozitangulia ilionyeshwa watu mwaka 1952 huko Marekani, katika chuo cha MIT, na ilikuwa kubwa sana. Siku hizi kijana wa chuo cha ufundi anaweza kujiundia ndogo kwa fremu ya chuma, skrubu ndefu, mota tatu au nne na kompyuta ya kawaida. Akiimaliza vizuri, kikundi kinachonga milango, vibao vya majina na misalaba ya kuuza.

Lakini taabu iko hapo kwa "akiimaliza vizuri". Pesa za kununulia vyombo ni za wanachama, zimewekwa shilingi kwa shilingi. Siku ya kwanza mashine inapowashwa na kuchonga mraba uliopinda, maneno huanza. Mmoja anasema kijana hakusoma. Mwingine anasema mweka hazina alinunua vitu hafifu ili abaki na chenji. Nimeona kikundi kikikaribia kuvunjika kwa namna hii, na kumbe shida ilikuwa kona moja ya fremu. Kijana hakuwa na kosa, na mama wa hazina pia. Ndiyo sababu nasema: pimeni kwanza, kisha semeni.

Basi tupime nini? Tufuate mpango huu, tusiruke.

Kwanza, usalama. Chomoa plagi kabla ya kugusa waya wowote. Usichomoe waya wa mota wakati umeme unapita, maana kile kifaa kinachoendesha mota, draiva, kinaweza kuungua. Fremu iungwe na waya wa ardhini. Anayesimama karibu avae miwani na kitambaa cha kuzuia vumbi, afunge nywele, na leso isininginie. Glavu zisivaliwe karibu na kisu kinachozunguka, kwa sababu kinaweza kuzivuta pamoja na mkono.

Pili, fremu. Waashi wetu wanaijua kazi hii. Kutoka kwenye kona, pima sentimita 60 upande mmoja na 80 upande wa pili. Kati ya alama hizo mbili lazima upate 100 kamili. Ukipata zaidi au pungufu, kona haiko mraba. Legeza boliti, sukuma, pima tena, halafu kaza. Fremu ikiinama, kila mchongo utainama hata kompyuta iwe ya bei gani.

Tatu, mwendo. Umeme ukiwa umezimwa, sogeza kichwa cha mashine polepole kwa mkono, kutoka mwisho hadi mwisho, kwa kuzungusha skrubu. Kikikwama mahali, reli hazilingani au skrubu imepinda. Kisha kishike ukitikise. Kikicheza, nati inapwaya, na duara lako halitakuwa duara: litakuwa na mabega pale kichwa kinapogeuka kurudi. Kaza pia zile skrubu ndogo zinazoshika mota na skrubu ndefu. Ni ndogo kama punje ya mahindi, lakini moja ikilegea mota huzunguka na kichwa hubaki nyuma.

Nne, mota. Mota hizi huenda kwa hatua, na zilizo nyingi hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Ikitetemeka bila kuzunguka, mara nyingi nyaya zimechanganywa. Zimo jozi mbili. Tafuta kwa mita zipi ni ndugu, kisha unga kila jozi kwenye nafasi zake za draiva. Ikizunguka vizuri lakini upande usiotakiwa, badilisha nafasi za nyaya mbili za jozi moja tu.

Tano, kipimo. Iambie kompyuta isogeze kichwa milimita 100, halafu upime kwa rula. Tuseme kimekwenda 50 tu, na kwenye kompyuta mmeandika hatua 200 kwa milimita. Chukua 200, zidisha kwa 100, gawanya kwa 50. Jibu ni 400. Kosa la nusu kamili namna hii kwa kawaida hutoka kwenye vijiswichi vya draiva: draiva imewekwa igawanye kila hatua mara 16, na mwenye kupiga hesabu alidhani ni mara 8. Ni kosa la hesabu, halihitaji kununua kitu chochote.

Sita, kazi yenyewe. Mchongo ukianza vizuri halafu katikati ukahama, mota imepoteza hatua. Punguza mwendo, punguza kina cha kisu, angalia reli kama zimejaa vumbi. Jaribuni kwa vipande vya saipresi vilivyobaki, siyo kwa mbao ya bei.

Sasa, wapendwa, kuna kanuni moja juu ya hizo zote: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike. Wekeni daftari karibu na mashine. Andikeni tarehe, tulipima nini, tulibadilisha nini, ilikuwaje. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja na mashine ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi, na kesho ikiugua mtarudi kwa maneno yale yale. Haraka haraka haina baraka.

Na daftari hili lisomwe kwenye mkutano, kama linavyosomwa lile la hazina. Mama asiyejua umeme anajua kusoma rula. Akiona mwenyewe kwamba kona ilikosea milimita 4, hataamini fitina. Fundi naye hatakuwa na siri, na siku akihama, mwingine atajua pa kuanzia.

Mkirudi nyumbani jadilianeni haya:
1. Ni nani katika kikundi chetu anayeweza kupima, mbali na fundi?
2. Kitu kikiharibika, huwa tunauliza "nani" au "wapi"?
3. Je, tumetenga pesa kidogo za matengenezo, au zote ziliishia kwenye kununua?