Herufi Mbili Tusizokuwa Nazo
(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo)



Leo tumekuja na mchezo. Msicheke! Wapo watakaosema, "Watu wazima na michezo, wapi na wapi?" Lakini mzee akikaa chini ya mti anacheza bao, nani humwita mtoto? Bao ni hesabu. Mchezo wetu wa leo nao ni bao, ila kete zake ni herufi.

Tuanze nyumbani. Chukueni neno MWANZA. Lina herufi sita: M, W, A, N, Z na A nyingine. Tutafute maneno ndani yake, bila kuongeza herufi ya nje. Haya: mwana, nawa, anza, waza, zana, zama, mzawa. Tayari ni saba, na bado yapo. Kwa nini imekuwa rahisi? Kwa sababu maneno yetu karibu yote huishia na a, e, i, o au u, na hapa tunazo A mbili.

Sasa twende kwenye Kiingereza, maana huko ndiko wengi wetu tunakokwama. Mchezo huu wa kete za herufi unajulikana dunia nzima kwa jina la Scrabble. Aliyeuanzisha ni Mmarekani Alfred Butts, msanifu majengo aliyekosa kazi miaka ya 1930. Alikaa akahesabu herufi kwenye magazeti, aone ipi hutumika sana na ipi hutumika kidogo. Katika kete 100 za Kiingereza, E ziko 12. K iko moja tu! Hebu fikirini, sisi wa katakata, kuku, kaka na kiko tungefanyaje na K moja? Herufi adimu ndiyo yenye pointi nyingi: Q ina pointi 10, X ina 8. Mwaka 2015 Mwafrika wa kwanza, Wellington Jighere wa Nijeria, alitwaa ubingwa wa dunia wa mchezo huo.

Q na X, ndugu zangu, ndizo herufi mbili ambazo Kiswahili hakina. Kwenye kitabu cha kwanza cha kisomo hatukuziona. Basi tunazitafutaje?

Njia ya kwanza: sikiliza maneno tuliyoazima. Pale Kiswahili kinaposema "ks", mara nyingi Kiingereza kimeficha X. Boksi kwao ni BOX. Teksi ni TAXI. Eksirei ni X-RAY. Lakini angalieni mtego: soksi haina X, kwao ni SOCKS. Kwa hiyo sikio linaonyesha njia tu, jicho ndilo linalohakikisha.

Njia ya pili: Q ya Kiingereza haipendi kutembea peke yake. Karibu kila mara hufuatana na U, kama mtu na kivuli chake: QUEEN, maana yake malkia, EQUAL, maana yake sawa. Ikweta, ule mstari unaopita katika ziwa letu upande wa kaskazini, kwao ni EQUATOR. Ukisikia "kw", itafute Q. Q isiyo na U mara nyingi imetoka kwa Waarabu: kadhi huandikwa QADI, na kibla huandikwa QIBLA.

Njia ya tatu: X ni nadra kuanza neno. Itafute katikati au mwisho: SIX, TAX, NEXT, EXIT.

Sasa mtatuuliza, faida yake nini? Jamani, hapo ndipo penye kazi.

Chukua chupa ya dawa ya mtoto nyumbani kwako. Tafuta X. Utakuta herufi tatu, EXP, na tarehe mbele yake. Maana yake ni mwisho wa dawa hiyo kutumika. Ikiandikwa EXP 06/2027, basi mwisho ni Juni 2027. Ikipita, usimpe mtoto. Karibu yake huwa pana MFG, yaani siku ilipotengenezwa. Usizichanganye hizo mbili.

Chukua kopo la dawa ya pamba. Tafuta X tena. TOXIC ni sumu. MIX ni changanya. Anayesoma la pili akaliruka la kwanza anajitafutia balaa.

Nenda mwaloni na sangara wako. Ukipewa karatasi ya Kiingereza, tafuta Q. QTY ni kiasi au idadi. Linganisha na ulichokiona kwenye mzani kabla hujashika pesa, siyo baada ya kufika nyumbani.

Na MAX ni mwisho wa kiasi: usizidishe hapo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walizidi 220. Kusoma peke yake hakuzuii ajali, lakini abiria anayejua maana ya kiasi cha mwisho anaweza kuuliza, na anaweza kukataa kupanda.

Ndugu, wazee wetu wanakumbuka mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza hapa Mwanza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO. Watu walijifunza kusoma kwa maneno ya kazi zao: pamba, uvuvi, migomba, mifugo. Mwaka 1967, kati ya watu wazima 100 nchini, kama 67 hawakujua kusoma. Ilipofika 1986 walibaki chini ya 10. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini kisomo ni kama jembe, lisipolimiwa hushika kutu. Mchezo huu ni namna moja ya kulisugua.

Basi zoezi la juma hili ni hili. Kila mmoja atafute nyumbani, dukani au mwaloni maneno matano yenye X na mawili yenye Q. Ayaandike kwenye daftari, aandike na mahali alipoyaona. Asiyejua maana amwulize mtoto wa sekondari; kuuliza si ujinga. Tukikutana tena tutahesabu pointi.

Elimu haina mwisho.