Siku ya Mwisho Maskati

(Maneno yaliyotolewa kwenye chakula cha hisani cha wana-Kiwangwa waishio Dar es Salaam)



Kwa kuwa mimi ni mhasibu, mlitegemea nije na mahesabu ya chama. Mweka hazina ameshayasoma. Mimi nitawasomea hesabu ya mtu mmoja kwa siku moja.

Mwezi wa kumi mwaka jana nilikwenda Maskati, kule Oman, kwa mafunzo ya kikazi ya wiki moja. Mafunzo yakaisha, wenzangu wakaondoka, nikabaki peke yangu na siku moja nzima kabla ya ndege ya alfajiri. Mtu akiwa peke yake ugenini, siku ya mwisho huwaza mawili: nimebakiwa na shilingi ngapi, na nani ananingoja nyumbani.

Asubuhi nilitembea mji wa kale, kwenye zile ngome mbili za Wareno, Jalali na Mirani, zilizokaa juu ya miamba zikitazama bahari. Pale langoni nilijifunza jambo. Hadi mwaka 1970 lango la mji lilikuwa likifungwa kila usiku, na nchi nzima ilikuwa na shule 3 tu za kisasa. Mwaka huo Sultani Qaboos alishika madaraka akawaita Waomani walioko nje warudi kujenga kwao. Wengi walitoka huku kwetu, Unguja, Pemba na mwambao, wakaja na elimu yao na Kiswahili chao. Wakaingia maofisini, mashuleni na hospitalini. Mtasema wenzetu wana mafuta. Ni kweli, walianza kuyauza nje mwaka 1967. Lakini mafuta hayashiki chaki. Walioshika chaki ni watu waliorudi.

Jioni nikaenda soko la Mutrah kununua zawadi. Muuza ubani mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, alinisikia nikiongea na simu akaniita kwa Kiswahili safi kuliko changu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Bagamoyo, mzee. Kiwangwa, njia ya kwenda Msata, kwenye mananasi."

Akaniambia yeye kazaliwa Pangani, akaondoka kijana mdogo. Akanieleza mwembe uliokuwa nyuma ya nyumba yao, tawi lipi lilizaa kwanza, na kisima walichoteka maji. Kisha akaniuliza, "Na wewe kwenu umekwenda lini?"

"Mwezi wa tatu, mzee. Kulikuwa na msiba."

"Na kabla ya hapo?"

Nikafikiri. "Msiba pia, mzee."

Akafunga ubani wangu kwenye karatasi taratibu. "Mimi kwetu kuna bahari katikati. Wewe kuna nini katikati?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Kati ya Dar es Salaam na Kiwangwa kuna nauli ya basi tu.

Usiku, hotelini, niliandika matumizi yangu ya siku kama ilivyo desturi yangu. Halua, rial 12. Ubani, rial 5. Kofia mbili, rial 14. Manukato, rial 10. Jumla rial 41. Rial moja ni zaidi ya dola mbili na nusu, kwa hiyo ni zaidi ya shilingi laki mbili na nusu. Nikaandika pembeni kila zawadi ni ya nani. Mke wangu, bosi wangu, wenzangu wawili ofisini, jirani. Jina la Kiwangwa halikuwemo. Nikafungua simu nitazame michango yangu ya chama kwa mwaka ule. Nilikuwa nimelipa miezi mitatu, shilingi elfu kumi na tano. Mimi, ambaye kazi yangu ni kukagua madeni ya wengine.

Niliporudi nililipa malimbikizo yangu. Jumamosi moja nikapanda basi kwenda nyumbani bila kuitwa na msiba. Mama mdogo aliponiona mlangoni alishtuka, akauliza, "Nani amefariki?" Nikamwambia hakuna, nimekuja kuwaona. Hakuniamini mpaka tulipokunywa chai.

Mchana nilipelekwa kuliona boma la bweni la wasichana. Limefika kwenye linta, ndani majani yameota hadi kiunoni. Mabinti wanaolingojea wanatembea asubuhi kabla jua halijatoka. Niliuliza bei dukani: zile rial 41 zangu zingenunua mabati manane.

Simlaumu mtu kununua halua. Zawadi ni heshima. Ninachoomba ni kimoja. Ukisafiri, iwe Maskati, iwe Mwanza, siku ya mwisho unapoandika orodha ya wanaokungoja, andika na Kiwangwa. Bahasha ziko mezani kwenu. Ya kwangu nimeshaiweka, na bei ya mabati manane imo ndani.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Sisi hatujaiacha, tumeichelewesha tu. Tusiicheleweshe tena.