Ukuta Mmoja, Mikono Mingi

Wasikilizaji wa Nangurukuru, kuchora ukutani si jambo geni Kilwa. Kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, watu wa kale walikwaruza picha za vyombo vya tanga kwenye lipu ya kuta. Leo wanafunzi wakitaka kupamba ukuta wa mtaa, wachore pamoja. Kwa nini pamoja? Kwa sababu mchoro wa mmoja hulindwa na mwenyewe tu, ila uliojadiliwa na wengi, wengi huulinda. Wapo wazazi watakaosema huko ni kupoteza muda wa masomo. Wana hoja, basi kazi ifanyike Jumamosi. Lakini itazameni kazi yenyewe. Picha huanzia kwenye karatasi yenye miraba, kisha miraba ileile hukuzwa ukutani kwa uzi uliopakwa chaki. Hiyo ni hesabu ya uwiano, tena uzi hauvutwi na mtu mmoja: huyu ashike huku, mwenzake kule.

Walimu na wazazi, anzeni na ruhusa ya mwenye ukuta. Lipu mpya iacheni ikauke kabisa, maana rangi haishiki penye unyevu. Magofu msiyaguse hata kwa chaki; tangu 1981 ni Urithi wa Dunia. Tafuteni ukuta wenu, ombeni ruhusa, mchore pamoja.